Tanga Kubwa na Tanga Dogo

Nyumbani kwetu Ntinda, Kampala, neno matanga lilipigwa marufuku na mama. Si serikali, ingawa serikali ya wanajeshi miaka hiyo ilikuwa ikipiga marufuku kila kitu, kuanzia sketi fupi hadi nywele za bandia. Ni mama. Mashua ya kaka yangu ilikuwa na matanga mawili, moja kubwa nyuma ya mlingoti na moja dogo mbele, na ukitaka kuyataja kwa pamoja ilikubidi uzunguke: "tanga kubwa na tanga dogo." Ukijisahau ukasema lile neno, mama aliacha alichokuwa akifanya na kukutazama mpaka ulirekebishe.

Sababu yake haihitaji maelezo kwa anayekijua Kiswahili. Matanga ni ya chombo, na matanga ni ya msiba. Na kaka, kwa mujibu wa mama, alikuwa hajafa. Alitoka kazini jioni moja, na asubuhi yake gari lake likakutwa mtaa wa Kabalagala, limeegeshwa vizuri kando ya baa, milango haikufungwa, mwenyewe hayumo. Tulikwenda polisi, alikofanya kazi marehemu baba maisha yake yote, na askari waliomjua baba walitutazama kwa huruma, wakatuomba kwa sauti ya chini tusirudi tena. Mama aliporudi nyumbani alivua viatu, akakaa, akatoa hukumu yake.

"Kasafiri," akasema. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

Mama alikuwa mtu wa Mombasa. Baba, Mnubi wa Uganda, alimwoa huko alipokuwa mafunzoni, akamleta Kampala, na miaka yote aliyoishi hapa hakukubali hata siku moja kwamba Kiswahili cha Kampala ni Kiswahili. Majirani walimcheka kwa methali zake za vyombo, yeye ambaye hata kwenye ziwa hakuwahi kutia mguu. Lakini ile methali alikuwa akiisema kwa imani. Mwanawe amekwenda huku na huko, mwisho atarudi. Mwaka ukapita, na hakuna aliyethubutu kumwambia vingine, mimi nikiwa wa kwanza kutothubutu.

Mashua ilikuwa ya mbao, ya watu wawili, imekaa ufukweni mwa ziwa kwenye klabu yetu ya mashua, mbele kidogo ya soko la samaki la Ggaba. Kaka aliinunua kwa Mzungu mmoja mzee aliyekuwa akirudi kwao. Katika mashindano ya Jumapili tulikuwa wa mwisho, na tukijitahidi sana tulikuwa wa mwisho kwa heshima. Kaka alishika usukani na mimi kamba za tanga dogo. Matanga yenyewe yalikuwa ya pamba, yamevutika na kulegea kama chandarua kilichofuliwa mara nyingi, na nyaya zilizoushikilia mlingoti zilikuwa na kutu na miiba ya kuchoma vidole.

"Mashua hii si mzee," kaka alikuwa akisema. "Nguo zake ndizo zilizozeeka. Siku moja nitaivisha, halafu utaona."

Mimi nilikuwa mwalimu wa ushonaji katika shule ya wasichana, kwa hiyo nguo hizo nilijua ni nani angezishona. Mama alikuwa akilalamika kwamba hakuna mume atakayemtaka msichana anayeungua jua ziwani na ambaye tangu utotoni hajui ila kubisha. Kaka akamjibu kwamba ndiyo maana ananichukua. Upepo ukitoka mbele, mashua haiwezi kuukabili uso kwa uso. Inakwenda upande huu, inageuza, inakwenda upande ule, mpaka ifike, na wenyewe huko pwani wanakuita kubisha. "Sasa mama," akasema, "mtu asiyejua kubisha nitamfanyia nini?" Mama alicheka siku hiyo hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Baada ya Wahindi kufukuzwa na Wazungu wengi kuondoka, klabu ilibaki na mashua chache na katibu mmoja, mzee wa Kigoa aliyekuwa na uraia na ukaidi wa kutosha kubaki. Ndiye aliyeniita siku moja, mwaka na ushei tangu kaka atoweke, akanikalisha kwenye baraza. Kanuni ya klabu, alisema, ni kwamba mashua isiyomaliza shindano hata moja ndani ya msimu inapoteza nafasi yake ufukweni na inauzwa. Ya kaka ilikuwa haijagusa maji msimu wote uliopita, naye akafumba macho. Sasa kuna mkubwa mmoja wa jeshi ameiona na kuipenda. Anataka kuikata mlingoti, kuitia injini, na kuvusha kahawa ng'ambo usiku.

"Binti," akaniambia, "macho ninayo mawili tu, na yote nimeshayafumba. Limebaki shindano moja la kufunga msimu. Imalize, hata uwe wa mwisho, na hapo nitakuwa na kanuni ya kumwonyesha."

Nilikasirika. Nilikasirika hadi nikasikia masikio yanawaka. Kaka walikuwa wamemchukua na gari wakalichukua, maana polisi hawakuturudishia. Kilichobaki kwetu chenye alama ya mikono yake ni mashua ile, na mama kila Ijumaa alikuwa akiniuliza kama nimeifunika vizuri, asije akaikuta imeoza. Nikamwambia mzee mashua itashindana, tena haitakuwa ya mwisho. Akanitazama, akachukua funguo, akanifungulia ghala.

Mle ndani kulikuwa na vitu vya wanachama walioondoka, vilivyoachwa kwa maneno "anayehitaji achukue". Nikakuta tanga la mashua kubwa kuliko yetu, la tetroni nyeupe ngumu, karibu jipya. Tetroni haivutiki kama pamba. Nikaliona palepale, kama unavyoona gauni ndani ya pazia: humu mna tanga kubwa, na pembeni humu mna tanga dogo. Tukalisukumia kwenye gunia, mimi na rafiki yangu. Huyu alikuwa muuguzi, Mganda, shoga yangu tangu shule, na ndiye aliyekubali kushika kamba nilizokuwa nikishika mimi ili mimi nishike usukani. Alikuwa na gari dogo la mumewe, na petroli alijua mwenyewe alikoitoa.

Tulipopita Kabalagala akapunguza mwendo. "Balabala imefungwa mbere, nyabo," akasema kwa lafudhi yake ya Kiganda, akiniita bibi kwa lugha yao.

Askari walikuwa wameweka magogo. Foleni ilikuwa ndefu, watu wameshuka, mizigo iko chini. Askari mmoja, kijana mwenye jasho, akaligonga gunia kwa mtutu.

"Hii nini?"

"Kitambaa," nikasema.

"Fungua."

Nikafungua. Ikatoka ile nyeupe, ikafurika hadi barabarani. Kitambaa kingi namna ile, wakati madukani hakuna hata cha kushona leso, kilikuwa ni kesi ya magendo moja kwa moja.

"Yote hii ya nini?"

Nilikuwa na hofu, na mwenye hofu husema kweli kabla hajafikiri. "Ya matanga," nikasema.

Yule kijana akaiteremsha bunduki yake. "Ah," akasema. "Pole, dada. Pole sana. Nani alikufa?"

Nikaelewa alichoelewa. Ningeweza kumweleza. Ningeweza kusema hapana afande, si hayo, ni matanga ya mashua, na yeye angeuliza mashua gani, ya nani, na huyo mwenyewe yuko wapi. Rafiki yangu alikuwa ameukamata usukani kama mtu anayezama.

"Kaka yangu," nikasema.

"Mukubwa?"

"Mkubwa."

Akainama, akanisaidia kurudisha kitambaa ndani ya gunia, akiangalia kisiguse vumbi, maana alidhani ni sanda. "Enda," akasema. "Enda zika ndugu yako muzuri."

Tuliendelea kuelekea Ntinda. Nilihisi nimemuua kaka kwa kinywa changu mwenyewe. Mwaka mzima na zaidi hakuna mtu wa nyumba yetu aliyelitamka jambo hilo, nami nimelitamka mbele ya bunduki, kwa ajili ya kitambaa.

Isitoshe, foleni ina masikio. Kesho yake asubuhi walikuja majirani, wanawake watano au sita, wamejifunga kanga vichwani, na mikeka, na fungu la kuni. Mmoja wao, ambaye mumewe alikuwa nyuma yetu kwenye kile kizuizi, alibeba sukari. Sukari! Wakati ule watu walikuwa wakipanga foleni toka alfajiri na kurudi na vikombe vitupu. Mama akawapokea mlangoni, hajui kitu.

"Tumesikia una matanga," akasema yule wa sukari, machozi tayari yakimlenga.

Nilikuwa nyuma yake, nina cherehani na tetroni imetapakaa sebule nzima. Mama akageuka, akaitazama ile nyeupe, akanitazama mimi. Kisha akawageukia wageni, akajinyoosha, na kwa Kiswahili chake cha Mombasa akawaambia: "Mmekosea. Mwanangu kasafiri. Hilo analolishona dada yake ni tanga kubwa, na litakalobaki ni tanga dogo. Nyote mnakaribishwa chai, ila ni chai kavu."

Hawakuingia. Wakajikusanyia mikeka yao kwa aibu, kuni wakaondoka nazo, lakini yule wa sukari aliacha mfuko wake juu ya kizingiti, akakataa kuuchukua tena. Mama akauweka juu ya kabati. Tukaendelea kunywa chai chungu, na ole wake ambaye angeugusa.

"Nani alikwambia amekufa?" akaniuliza walipoondoka.

"Hakuna, mama."

"Basi." Na hilo likawa neno lake la mwisho kwangu kwa siku kadhaa.

Nikashona. Tanga halishonwi kama shuka, na hilo ndilo wanalokosea wengi. Ukiunga vipande kwa mistari iliyonyooka utapata ubao wa nguo, na upepo utaupiga kofi tu. Linahitaji tumbo, na tumbo linakatwa kwenye viungo, kama unavyopunguza kiuno cha gauni ili kifua kipate nafasi. Nilikata kwa kukisia, nikafumua, nikakata tena. Tetroni ilivunja sindano, na sindano zilikuwa adimu kama sukari. Tatizo kubwa lilikuwa urefu, maana mtu mmoja hawezi kusukuma kitambaa kwenye cherehani na wakati huohuo kukivuta upande wa pili. Nilikuwa nimekikunja, nimekikalia, nimekiuma kwa meno, nikilaani kwa lugha zote ninazozijua, mama alipotoka chumbani, akakaa upande wa pili wa cherehani na kushika ncha.

"Kazi ya kulaani haishoni," akasema. "Sukuma."

Tulishona hivyo jioni baada ya jioni. Hakuuliza swali. Mara moja tu alipitisha kiganja kwenye mshono, taratibu, akasema kaka atafurahi akiliona. Nilijua namna angefurahi, na kujua huko kuliniuma.

Nyaya za mlingoti niliagiza kwa mafundi wa Katwe, wanaoweza kukutengenezea chochote ilimradi usiulize kilitoka wapi. Waya walikuwa nao mzuri. Tatizo ni kuupiga kitanzi mwishoni, kwa kuukunja na kuubana ndani ya kipande cha bomba la shaba kwa nyundo. Nilibana mwenyewe, kisha nikaupachika kwenye boriti ya jikoni na kuning'inia nione kama utanihimili. Haukunihimili. Mama alikuja mbio akanikuta sakafuni, akasema kama nataka kujitundika nichague mahali ambapo hapikwi. Nikabana upya, nikaning'inia tena, safari hii na rafiki yangu akining'inia juu yangu tukicheka kama wendawazimu, na ukashika.

Jumapili ya shindano nilivaa suruali ya kaka. Wanawake kuvaa suruali nako kulikuwa kumepigwa marufuku redioni, kwa hiyo juu yake nilijifunga kanga ya mama, nikapanga kuivua nikishakuwa mbali na nchi kavu, maana samaki hawasikilizi redio. Yule mkubwa wa jeshi alikuwa amefika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha baraza, soda mkononi, na pikapu yake imeegeshwa kwenye majani, injini ya mashua iko nyuma imefunikwa turubai. Amekuja na injini kabisa! Nilipoiona ile injini hofu yote ilinitoka. Nilijawa na ubishi mtupu.

Zamani mashindano yalianzishwa kwa mlio wa bunduki ndogo. Miaka hiyo nani angethubutu kufyatua? Mzee katibu alipiga kengele ya shule.

Tukaondoka. Kwa mara ya kwanza nikaisikia mashua ile ikivuta. Tanga kubwa lilijaa tumbo lake lote bila mkunjo, na tanga dogo likalisha upepo nyuma yake kama nilivyokata. Rafiki yangu alipiga kelele, "Mama nyabo, inakimbia!" Tulizunguka boya la kwanza tukiwa wa tatu. Sisi, wa mwisho kwa heshima, wa tatu! Nililia kidogo, upepo ukayakausha machozi.

Kisha ikaja sehemu ya kubisha. Upepo ulikuwa umekaza, na tulipogeuza mara ya pili nikasikia mlio. Kibano cha shaba cha upande wa upepo kilikuwa kinateleza. Waya ulikuwa unatoka kwenye kitanzi polepole, na mlingoti umeanza kuinama upande wa pili. Ukichomoka, mlingoti unavunjika, na hakuna wa kuturudisha ila mtumbwi wa wavuvi, na injini ile inasubiri.

"Tugeuze turudi?" rafiki yangu akauliza.

"Turudi wapi? Tafuta kamba."

Nikageuza ili mzigo uhamie waya wa upande mwingine. Akatambaa hadi penye kibano, akazungusha kamba kwenye waya na kwenye mbao, akaingiza bisibisi katikati, akaanza kuinyonga. Ndivyo anavyofunga mguu unaovuja damu, na alikuwa akiusemesha vilevile: "Tulia, bambi, tulia, tunamaliza sasa hivi." Kamba ikakaza, waya ukanyooka. Mashua mbili zilitupita wakati huo. Nikaziacha zipite, nikaanza kubisha kwa adabu, kila tukigeuza nikipumua baada ya kusikia kimya. Mbele ya boya la mwisho moja kati ya zile mbili ilijiachia ikaenda mbali mno, nasi tukapita kati yake na boya.

Kengele ilipigwa tulipovuka mstari. Hatukuwa wa mwisho. Mzee wa Kigoa, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, alikuja mbio hadi majini na viatu vyake. Nyuma yake yule mkubwa alisimama, akamaliza soda yake bila haraka, akaingia kwenye pikapu. Aliondoka bila kuaga, injini ikagongagonga chini ya turubai.

Hapo ndipo nilipomwona mama. Sikumwalika, kwa kuwa nilijua angekataa. Alikuwa amesimama mchangani na buibui lake na kikapu cha chakula, mbali kidogo na watu, peke yake. Alikuwa akitazama mashua ikiingia. Nilimwona anavyoyakagua yale matanga kutoka juu hadi chini, kisha akashuka kwa macho hadi kwenye usukani, akaniona mimi nimekaa mahali pa kaka, na suruali ya kaka. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayesubiri mtu mwingine aonekane nyuma yangu.

Mashua ikagusa mchanga. Upepo ulikuwa bado upo, na yale meupe yalikuwa yakipigapiga juu ya vichwa vyetu. Nikaruka majini, nikaishika. Mama akasogea hadi maji yakamlowesha pindo.

"Anua," akasema.

Sikuwa na hakika nimesikia. "Nianue nini, mama?"

Nilidhani atasema tanga kubwa. Nilimpa nafasi ya kulisema.

"Matanga," akasema mama. "Anua matanga, mwanangu. Yametosha."

Huko kwao, msiba unapokwisha na mikeka inapokunjwa, ndivyo wanavyosema. Nilijua. Alijua kwamba ninajua. Nikaifungua kamba, rafiki yangu akanisaidia. Tanga kubwa likashuka kwanza, kisha dogo, na mama akayapokea yote mawili kwa kifua, akakaa nayo mchangani, akamlilia mwanawe kwa jina, kwa sauti, mbele ya watu wote, bila kujali ni nani anayesikia.

Jioni ile majirani walirudi na mikeka yao, bila kuitwa. Mama akasimama juu ya kigoda, akaushusha ule mfuko wa sukari kutoka juu ya kabati, akaumimina wote kwenye chai.